Gofu la Skuli ya Mtakatifu Maria, Mbweni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Karibu kila kundi la wageni linalofika Mbweni huwa na mtu wa kuuliza: "Hapa ndipo walipofungwa watumwa?" Ukurasa huu ulianza kwa kuchoka kulijibu swali hilo kwa mdomo. Maswali mengine yameongezeka njiani, kutoka kwa wanafunzi wenye insha za kuandika, wajukuu wanaotafuta ukoo wao, na watu waliopita tu wakaona matao yamesimama peke yake.

## Mambo ya mwanzo

Hili lilikuwa jengo la nini?

Lilikuwa Skuli ya Mtakatifu Maria, skuli ya bweni ya wasichana chini ya misheni ya Kianglikana iliyojulikana kwa kifupi kama UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati. Wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa wasichana waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa. Baadaye waliongezeka mabinti wa watu waliokombolewa, waliozaliwa papo hapo shambani. Misheni ilinunua shamba mwaka 1871 na jengo likainuka katika miaka michache iliyofuata. Leo zimebaki kuta, matao na mizizi.

Liko sehemu gani ya Unguja?

Kusini mwa Mji Mkongwe, ufukwe wa magharibi. Ukitoka mjini unafuata barabara ya Uwanja wa Ndege, kisha unakata kulia kuelekea baharini. Usichanganye na Mbweni ya Dar es Salaam. Hiyo ni nyingine kabisa, ingawa wapo waliokwisha kupanda daladala ya huko wakitafuta magofu.

Je, jina "Mbweni" limetokana na bweni la skuli?

Hapana, ingawa dhana yenyewe inavutia. Misheni ilinunua shamba ambalo tayari liliitwa Mbweni. Jina lilikuwapo kabla ya kitanda cha kwanza cha mwanafunzi. Isitoshe, kama pangeitwa kwa ajili ya bweni, pangekuwa "Bwenini". Na Mzanzibari hasemi "bweni" kwa kawaida. Nyumba ya kulala wanafunzi kwake ni dakhalia.

Kwa hiyo halikuwa gereza la watumwa?

Halikuwa. Ni kinyume chake, au angalau ndivyo walioijenga walivyokusudia: waliokuja kulala humu walikuwa wameshatoka mikononi mwa wafanyabiashara. Kosa hili lina sababu. Kila jengo la kale la mawe lililoporomoka Unguja hupachikwa hadithi ya watumwa, kwa kuwa hadithi hiyo ndiyo wageni waliyokuja kuisikia. Kama swali lako ni iwapo wasichana hao walikuwa huru kweli, hilo ni gumu zaidi, na lina sehemu yake hapa chini.

## Misheni na shamba

UMCA walifikaje Zanzibar?

Kwa kushindwa kwingine. Desemba 1857 David Livingstone alihutubia Chuo Kikuu cha Cambridge akawataka vijana waende Afrika, na misheni ikaundwa kutokana na wito huo. Kundi la kwanza, chini ya Askofu Charles Mackenzie, lilikwenda Magomero katika nchi ambayo leo ni Malawi mwaka 1861. Homa, njaa na vita vya eneo lile viliwamaliza. Mackenzie mwenyewe alifariki Januari 1862. Askofu aliyemfuata, William Tozer, aliamua kuondoka bara na kuhamia Unguja mwaka 1864, pamoja na Edward Steere, mtu ambaye jina lake utalikuta mara nyingi humu.

Wazo la Tozer lilikuwa kwamba badala ya kupeleka Wazungu bara wakafe, wawafundishe Waafrika kisiwani, kisha hao ndio waende bara.

Sultani wa Kiislamu aliwaruhusuje?

Aliwaruhusu, na zaidi ya hapo aliwapa wanafunzi. Mwaka 1864 Sayyid Majid aliwakabidhi wamisheni wavulana watano waliokamatwa kwenye jahazi lililovusha watumwa kimagendo. Hao ndio waliokuwa mwanzo wa skuli zote za UMCA. Mmoja wao, John Swedi, aliwekwa wakfu kuwa shemasi mwaka 1879.

Jambo moja husahauliwa. Waunguja wa mjini walikuwa Waislamu wenye vyuo vyao, misikiti yao na masheikh wao, na wengi hawakuwa na haja ya dini ya mgeni. Kwa hiyo kanisa la UMCA kisiwani lilijengwa kwa watu ambao hawakuwa na kwao pa kurudi, na wasichana wa Mbweni ni sehemu ya watu hao.

Wasichana wenyewe walitoka wapi?

Wengi walitoka bara, hasa upande wa kusini na wa Ziwa Nyasa: Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo. Walifika pwani kwa miguu katika misafara, wakapakiwa majahazini, kisha manowari za Kiingereza zikayakamata majahazi hayo baharini. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba uliofunga masoko ya watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha baharini. Biashara haikufa siku ile. Iliingia gizani, na watoto wakaendelea kukamatwa kwa miaka mingi.

Waliokamatwa hawakupelekwa Mbweni wote. Wengine waligawiwa misheni ya Bagamoyo ya mapadri wa Roho Mtakatifu, wengine Freretown ya Mombasa kuanzia 1875, na wengine walivushwa hadi Shelisheli na Bombay. Ukoo mmoja uliweza kutawanyika pande tatu za bahari kwa sababu ya foleni tu ya siku ile.

Kwa nini shamba nje ya mji, na si nyumba mjini?

Walianza mjini. Helen Tozer, dada yake askofu, alifika mwaka 1865 na ndiye aliyeanza kulea wasichana. Lakini watu walizidi. Misheni haikuwa na watoto tu, ilipokea watu wazima pia, na hao walihitaji mahali pa kujenga vibanda na kulima. Shamba la Mbweni lilifaa yote mawili: skuli upande wa baharini, na kijiji cha waliokombolewa kandokando.

Halikukaa kama kituo cha kudumu kwa wote. Mwaka 1876 Steere, ambaye kwa wakati huo alikuwa askofu, aliondoka na kundi la watu wa Mbweni kuwarejesha upande wa Nyasa walikotoka wengi wao. Safari ilikomea Masasi, na mji wa misheni ukaanzia hapo. Miaka sita baadaye, 1882, Wangoni waliitwanga Masasi na baadhi ya watu hao wakachukuliwa mateka kwa mara ya pili maishani mwao.

## Maisha ya skulini

Nani aliyeiendesha?

Jina la kukumbuka ni Caroline Thackeray. Alifika 1877 na akawa mwalimu mkuu kwa miaka 25, hadi 1902. Alipostaafu hakurudi Uingereza. Alibaki Mbweni, akafariki 1926, na amezikwa katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Yohana, hatua chache kutoka skuli yake.

Walifundishwa nini?

Kusoma, kuandika, hesabu, dini, kuimba na kushona. Walioonekana kuwa na kichwa cha masomo walitayarishwa kuwa walimu. Wengine walipelekwa upande wa kazi za mikono: kupika, kufua, kushona na kusuka. Mgawanyo huo unaonekana wa busara ukiusoma haraka. Ukiutazama tena unaona kwamba maisha ya msichana yaliamuliwa na maoni ya mtu mmoja aliyemwangalia akisoma.

Lugha ya skuli ilikuwa Kiswahili. Haikuwa lugha ya mama kwa karibu yeyote kati yao. Walikijifunza majahazini, njiani, mjini, na zaidi pale pale dakhalia, kwa sababu Myao na Mmakua walihitaji neno moja la kuombana maji. Steere alikuwa akiandika sarufi na kutafsiri vitabu kwa Kiunguja wakati huohuo. Biblia nzima ilitoka 1891, baada ya yeye kufariki 1882. Kwa hiyo wasichana hawa ni miongoni mwa kizazi cha kwanza cha wanawake kufundishwa kusoma Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Kiunguja hichohicho ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu.

Je, walikuwa huru kweli?

Huru kwa maana ya kwamba hakuna aliyeweza kuwauza. Hilo si jambo dogo, na anayelibeza hajafikiri vizuri jahazi lilikuwa nini kwa mtoto wa miaka minane.

Lakini hakuna aliyewauliza wanataka kwenda wapi. Walipewa majina mapya ya ubatizo, walivaa walichopewa, waliamka kwa kengele, na kutoka kwao kulikuwa na masharti. Kwa maoni yangu neno sahihi ni ulezi, pamoja na yote mabaya na mazuri ya neno hilo: mlezi hukulisha, na mlezi hukuamulia. Kusema walihama kutoka minyororo kwenda peponi ni uongo wa misheni. Na anayesema walihama kutoka utumwa mmoja hadi mwingine naye anadanganya, ila uongo wake ni mpya zaidi.

Ni kweli waliozeshwa kwa kupangiwa?

Misheni ilitaka walimu na makasisi wake waoe Wakristo waliosoma. Wavulana walikuwa Kiungani, skuli ya misheni ya wavulana, na wasichana Mbweni, na safari kati ya skuli hizo mbili ni fupi. Ndoa nyingi zilitokana na hapo. Iliyo maarufu zaidi ni ya Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa akiwa mtoto, na Lucy Magombeani wa Mbweni. Majaliwa alisomea Canterbury, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika UMCA. Alikuwa amekwisha kuhamia kusini, Chitangali, kufanya kazi kati ya Wayao wenzake.

Mke wa mchungaji kituo cha mbali hakuwa mpishi wake tu. Ndiye aliyefungua darasa la wasichana chini ya mwembe. Wanaotafuta "mafanikio ya Mbweni" kwenye kuta hizi wanakosea mahali. Mengi ya mafanikio hayo yalikwenda kwenye vituo vya bara, Masasi, Magila na Nyasa, yakiwa na watoto mgongoni.

Kwa nini tunasikia zaidi habari za wavulana?

Kwa sababu wavulana walikuwa na mashine ya kuchapa. Mwaka 1887 Arthur Madan wa UMCA alitoa simulizi za maisha za wavulana wa Kiungani, wenyewe wakieleza walivyokamatwa na kuuzwa. Mwaka uliofuata Kiungani ilianza kuchapa *Msimulizi*, gazeti la Kiswahili. Wasichana tunawapata zaidi kwenye barua na ripoti za walimu wao, wakisemewa.

## Jengo lenyewe

Limejengwa kwa nini?

Mawe ya matumbawe, chokaa na boriti, kama nyumba nyingine za mawe za Unguja. Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuri la kuni, yakalowekwa, yakachanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Boriti ni miti ya mikoko. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba: hupati boriti nzuri ya kuvuka zaidi ya mita tatu hivi, na ndiyo maana vyumba vya kale vya pwani ni virefu lakini vyembamba.

Mpango wake ni wa uwanja wa ndani uliozungukwa na majengo, pamoja na nyumba ya Kiarabu iliyokuwapo shambani tangu awali. Lango kuu ni tao, madarasa chini, malazi juu, na kanisa dogo la skuli humohumo.

Nikifika nitazame nini?

Inua macho. Ukutani, juu kidogo ya kimo cha mtu, tafuta safu ya matundu yaliyopangwa kwa nafasi sawa, kila tundu likitosha kuingiza ngumi. Hapo ndipo ziliposhika boriti za dari. Ukishayaona utajua sakafu ya juu ilikuwa wapi na wasichana walilala kimo gani. Bila hayo, gofu ni ukuta tu.

Kisha sogea karibu na sehemu ambayo lipu imebanduka. Jiwe lina vijishimo kama sega la nyuki. Ni tumbawe lililokuwa hai baharini. Ulipapase kwa kidole tu. Chokaa inayolishika imechoka na inamomonyoka kama unga wa muhogo.

Kama lilijengwa imara, kwa nini limeanguka, na kanisa kuu la UMCA la Mkunazini, mjini, bado lipo?

Hili ndilo swali ninalolipenda. Majengo yote mawili ni ya misheni moja, kisiwa kimoja, karibu miaka ileile, na tofauti yake kubwa iko juu. Kanisa kuu, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873 kwenye uwanja wa soko la watumwa, lina dari la kuba la matumbawe yaliyopondwa na saruji, bila boriti. Watu walimwambia Steere litaanguka. Halikuanguka.

Jengo la boriti halina kosa, ila linataka mtu. Paa likivuja, maji huingia kwenye kichwa cha ukuta na kuilegeza chokaa, na mchwa nao hula ncha za boriti zilizofichwa ukutani, mahali ambapo jicho halifiki. Boriti ikikatika, dari hushuka na kuondoka na kile kilichokuwa kikizifunga kuta mbili zisitanuke. Baada ya hapo ndege hudondosha mbegu ya mti wa jamii ya mkuyu juu ya ukuta, mzizi ukateremka ndani ya ufa, na ukuta ukapasuliwa polepole. Nyumba ya mawe iliyoachwa bila paa masika kadhaa hairudi tena ilivyokuwa.

## Baada ya skuli

Skuli iliisha kwa nini?

Wanafunzi waliojenga sababu ya kuwapo kwake waliisha. Majahazi ya watumwa yalipungua, na mwaka 1897 hadhi ya kisheria ya utumwa ikafutwa Unguja na Pemba. Wakati huohuo kazi ya UMCA ilikuwa imehamia bara kwa uzito wake wote. Skuli ya bweni yenye gharama, kwenye kisiwa ambacho wenyeji wake hawakuleta watoto, haikuwa na mtetezi baada ya Thackeray kustaafu. Mwaka 1920 majengo yaliuzwa, na ubovu ukaanza (tazama swali la kuanguka, hapo juu).

Je, naweza kuingia kutembea?

Miaka ya 1990 hoteli ndogo ilijengwa kwenye uwanja huohuo ikachukua jina la magofu. Pahali hapa pana mwenyewe, kwa hiyo piga hodi getini kwanza. Usipande juu ya kuta, hata kwa picha.

Kanisa lililo karibu ni sehemu ya skuli?

Kanisa la Mtakatifu Yohana, la mwaka 1882, lilikuwa la kijiji kizima cha waliokombolewa, si la skuli peke yake. Skuli ilikuwa na kanisa lake dogo la ndani. La Mtakatifu Yohana bado linasaliwa. Pita makaburini pia.

## Maswali ya pembeni

Vyumba vya chini vya Mtakatifu Monica, Mkunazini, vina uhusiano na Mbweni?

Vina uhusiano wa mwenye nyumba tu: vyote vilikuwa vya UMCA. Jengo la Mtakatifu Monica lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa 1873, na kwa hiyo wanahistoria hubishana kama vyumba vinavyoonyeshwa chini yake viliwahi kuhifadhi watumwa. Ukiambiwa wasichana wa Mbweni walitolewa humo, usikubali; tazama swali la walikotoka.

Kiungani iko wapi sasa?

Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, kilikuwa kati ya mji na Mbweni. Mwaka 1925 kilihamishiwa Minaki, Kisarawe, na skuli ya Minaki ya leo ni mrithi wake.

Na nyumba ya John Kirk?

Ni jengo jingine, jirani. Kirk alikuwa balozi wa Uingereza aliyemshinikiza Barghash atie saini mkataba wa 1873, lakini kwa taaluma alikuwa tabibu na mtaalamu wa mimea, na alipanda miti ya kigeni kwenye shamba lake la Mbweni. Kima punju wa Jozani naye, kwa jina lake la kisayansi, ameitwa kwa Kirk.

Bibi mzaa babu yangu alisoma Mbweni. Nitampata vipi?

Anza nyumbani: uliza jina lake la ubatizo na jina lake la kwao, yote mawili. Waandishi wa misheni waliandika majina walivyoyasikia, kwa hiyo jaribu tahajia tatu au nne kabla ya kukata tamaa. Kisha uliza kanisani kuhusu daftari za ubatizo na ndoa, na uende Nyaraka za Taifa, Kilimani. Nyaraka za UMCA zilizopelekwa Uingereza ziko Maktaba ya Bodleian, Oxford, na jarida lake la kila mwezi lilianza 1883.

Ndoa ndiyo njia ya mkato. Mara nyingi msichana hupotea kwenye maandishi akiwa mwanafunzi, halafu huibuka akiwa mke wa fulani, mwalimu wa kituo fulani. Mfuate mume, utamkuta yeye.

Nina jiwe kutoka gofuni, nililichukua nikiwa mtoto. Nifanye nini?

Lirudishe ukipita. Liweke chini ya ukuta, usijaribu kulipachika.